Asubuhi ya Kigoma: namna ya kujenga desturi inayokusanya akili kabla ya kazi

Ninatunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisomea mitihani ya uhasibu pembeni ya kazi. Muda pekee nilionao wa kusoma ni asubuhi, kabla mzigo haujapakuliwa ufukweni na simu hazijaanza kuita. Karatasi moja nilifeli mara mbili. Muda nilikuwa nao, maana nilikaa mezani kila siku saa nzima na zaidi. Macho yalikuwa kwenye kitabu, lakini akili ilikuwa soko la Mwanga, kwenye ada ya mtoto, kwenye ujumbe niliousoma nikiwa bado kitandani.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho nataka nikupe hatua kwa hatua. Ninaposema desturi ya asubuhi simaanishi orodha ndefu ya mambo mema: kukimbia, maji ya ndimu, kurasa kumi za kitabu, shukrani tano kwenye daftari. Orodha ya namna hiyo inachosha kabla kazi yenyewe haijaanza. Namaanisha vitendo vichache, vilevile, kwa mpangilio uleule, ambavyo cha mwisho wake ni kugusa kazi. Mwili ukishazoea mpangilio huo, akili huanza kutulia ikiwa bado njiani, kama mtu anayejua kona inayofuata ni ya nyumbani kwao.

Kwanza, itaje kazi

Kabla ya kufikiria saa ya kuamka, amua asubuhi yako inakupeleka kwenye nini. Fundi cherehani wa Ujiji anaweza kuitengea asubuhi kazi ya kukata kitambaa cha bei, ambacho mkasi ukikosea hakirudi. Mwalimu ataitengea kusahihisha insha, mwanafunzi hesabu zinazomtoa jasho. Iwe kazi moja, inayohitaji nusu saa hadi saa moja na nusu bila kukatizwa. Usiandike "kuwa makini" au "kujiendeleza", kwa sababu hayo hayana pa kushika. Kama huwezi kuitaja kazi kwa maneno matatu, subiri wiki moja uifikirie. Nimeona watu wakiamka alfajiri kwa bidii kubwa, halafu wanakaa na kikombe cha chai bila kujua waanzie wapi, na siku ya tano wanarudi kulala.

Desturi ya asubuhi huanza jioni

Nenda Kibirizi au Katonga jua likielekea kuzama upande wa Kongo, uwaangalie wavuvi wa dagaa. Taa zimeshachajiwa, nyavu zimekaguliwa matundu, mafuta ya injini yamepimwa, kila kitu kiko mahali ambapo mkono utakifikia gizani. Kule katikati ya maji, saa 8 usiku, hakuna anayeanza kuuliza taa iko wapi. Wewe nawe alfajiri utakuwa gizani kwa namna yako: kichwa kizito, uamuzi mdogo tu unakushinda. Kwa hiyo uamuzi wote ufanye jioni. Mimi hufanya mambo matatu, na hayazidi dakika 10.

Naondoa mezani kila kitu kisichohusika, nabakiza kitabu, kaunta buku na kalamu moja. Kisha naandika kwenye kipande cha karatasi tendo la kwanza la kesho, dogo na la wazi kiasi kwamba hata mtu mwenye usingizi analiweza. Nikiandika "soma kodi" nimejiachia mzigo wote. Naandika "fungua ukurasa wa 84, fanya swali la 3 bila kutazama jibu". Karatasi hiyo naiweka juu ya kitabu.

Jambo la tatu ni kutua mizigo ya kichwani: nani hajalipa, mtoto anahitaji daftari gani, gunia lipi limepelewa. Hili lina ushahidi. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha utafiti wa vijana 57. Waliotumia dakika 5 kabla ya kulala kuandika mambo wanayotakiwa kufanya siku zinazofuata walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Na aliyeandika kwa kina zaidi alilala haraka zaidi. Jambo likishakuwa kwenye karatasi, kichwa hakina haja ya kulishikilia usiku kucha.

Simu ilale chumba kingine. Ukisema unaihitaji kwa ajili ya alamu, nunua saa ndogo ya mezani ya betri. Nakuomba usilipuuze hili, na sababu yake nitaieleza mbele.

Saa ya ukutani na saa ya mwili

Hapa ndipo nilipoteseka zaidi, na ndipo ninapotamani mtu angenishika mkono mapema.

Nilikuwa nimesikia kwa watu wa Dar es Salaam kwamba wanaofanikiwa huamka saa 10 alfajiri. Nikajaribu miezi miwili. Nilikuwa nakaa mezani nikitetemeka, nasoma mstari mmoja mara nne. Nikajiona mvivu, nikajilaumu sana. Kumbe nilikuwa nikipambana na jua.

Saa ya Tanzania inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita nje kabisa ya nchi yetu, karibu na Mogadishu. Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Maana yake ni kwamba saa zetu za ukutani ziko mbele ya jua letu kwa takriban saa nzima. Vuka tu uende Bujumbura, ukingo wa ziwa hilihili, utakuta saa zao ziko nyuma kwa saa moja, na wao ndio wanaolingana na jua. Hapa kwetu mwezi wa Julai jua huchomoza baada ya saa 1 asubuhi. Mwanzoni mwa Novemba huwahi zaidi, saa 12 na nusu ikiwa imepita kidogo. Vilima vilivyo mashariki ya mji navyo huchelewesha miale yake kufika. Dar es Salaam wanaliona karibu dakika 40 kabla yetu.

Mwili haujui kusoma saa ya ukutani. Saa iliyomo ndani yake hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Waliofichua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa na jeni, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kwa hiyo mtu wa Kigoma akiamka saa 10 alfajiri, mwili wake uko saa 9 usiku kwa hesabu ya jua. Huo ndio wakati ambao joto la mwili linakaribia kiwango chake cha chini na usingizi umekolea. Ukisikia ratiba ya mtu aliye mashariki ya nchi, isogeze mbele karibu dakika 40 kabla ya kuiiga.

Hesabu usingizi kwanza. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukilala saa 4 na nusu usiku, usiamke kabla ya saa 11 na nusu. Kama huwezi kulala mapema kwa sababu ya biashara au watoto, punguza muda wa kazi ya asubuhi, usipunguze usingizi. Desturi iliyojengwa juu ya deni la usingizi itakuvunja, nami nasema hivyo kwa sababu ilinivunja.

Nilipoacha kushindana na saa nilirudi kwenye kitu kilichokuwepo Ujiji tangu utoto wangu: adhana ya alfajiri. Adhana hufuata jua. Kwetu hapa husogea kwa zaidi ya nusu saa kati ya Novemba na Julai, sawasawa na mwili unavyosogea. Sasa naamka kwa adhana, mwaka mzima. Jirani yangu Mkristo huamka kwa jogoo wake na sala ya familia, na imempendeza vivyo hivyo. Niseme wazi kwamba swala kwangu ni wajibu, siswali ili nisome vizuri. Ila nikishamaliza, mwili umeshaamka na simu bado imelala, na huo ni mwanzo mzuri kuliko wowote niliowahi kuupata.

Nusu saa ya kwanza

Ukiamka, ubongo hauamki wote mara moja. Kuna uzito wa usingizi ambao kwa kawaida hudumu dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi, na ndani yake mtu hufikiri polepole na kukosea. Usiupime umakini wako katika dakika hizo. Zipe kazi za mikono: kunawa uso, kutandika kitanda, kunywa maji, kuwasha jiko.

Mwanga unahitaji mpango, kwa kuwa saa 12 asubuhi Kigoma bado kuna giza au ndiyo kwanza kunapambazuka. Washa taa yenye nguvu uliyonayo. Kisha jua likishatoka, hata kama umeshaanza kazi, simama utoke nje dakika 10. Ndani ya nyumba, karibu na balbu, mwanga huwa wa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje, hata siku ya mawingu, hufika maelfu. Mwanga huo wa asubuhi ndio unaouambia mwili usiku uanze lini, na utakusaidia kulala mapema. Mimi hutoka na ufagio nikafagia uwanja, nikasalimiana na majirani, nikarudi.

Kuhusu kujimwagia maji baridi kama wanavyoshauri watu wa nchi za baridi, sisi hatuna haja nayo. Ziwa letu lina joto la karibu nyuzi 25 mwaka mzima, na kuogelea kwenye maji ya kando kunaweza kukupa kichocho. Kunawa uso kunatosha.

Kahawa au chai ya rangi ni sawa. Kafeini huizuia adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni tangu tunapoamka na kutuletea usingizi. Baada ya kama saa 5 nusu yake bado iko mwilini, kwa hiyo kikombe cha jioni kwenye kijiwe cha kahawa kinaiharibu alfajiri inayofuata. Mimi hunywa kahawa ya Manyovu kikombe kimoja, na hoja yangu kubwa ni mahali pake kwenye mpangilio: nainywa baada ya swala tu, kwenye kikombe kilekile cha bati, nikiwa nimeshakaa mezani. Harufu yake sasa inaniita kazini.

Mnyororo wenyewe

Unda pete tano hadi saba, kila moja ikiivuta inayofuata. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna ya "nikishafanya hiki, nitafanya kile", na jinsi inavyomsaidia mtu kutekeleza kuliko nia ya jumla. Siri yake ni kwamba tendo lililopita ndilo linalokukumbusha, huhitaji kujisukuma kila mara.

Wangu uko hivi. Nikisikia adhana, natia udhu. Nikishatia udhu, naswali. Nikishakunja mswala, nachukua kahawa iliyochemka. Nikishakaa kwenye kiti cha dirishani, navuta pumzi 12. Pumzi zikiisha, nasoma kwa sauti sentensi niliyoiandika jana jioni. Nikishaisoma, nashika kalamu. Kutoka adhana hadi kalamu ni kama dakika 30.

Pumzi hizo ni rahisi: vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, dakika moja inapata pumzi 6, na pumzi 12 ni dakika mbili. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukihisi kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, legeza. Usingoje utulivu mkubwa ushuke. Ukimaliza 12, endelea na pete inayofuata hata kama roho bado inapwita.

Kusoma kwa sauti usikuruke. Sentensi ukiisikia kwa masikio yako inakuwa kama mtu amekutuma.

Sasa ile sababu ya simu. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka jambo ambalo hajalimaliza kwenda jingine, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma. Fikiria basi kikundi kimoja tu cha WhatsApp: msiba wa jirani, bei ya mafuta, shangazi anaomba nauli, picha ya harusi. Hayo ni mambo manne uliyoyafungua, hata moja hukulifunga, na umekaa kusoma ukiwa na robo ya akili. Usizime sauti tu. Zima data, na simu ibaki chumba kile kingine mpaka umalize.

Ukishaketi

Dakika 10 za mwanzo huwa mbaya. Kwangu bado ni mbaya. Usizihukumu, zipite tu ukiwa na kalamu mkononi.

Weka pembeni karatasi tupu. Mimi naiita karatasi ya wageni. Wazo lolote linalobisha hodi, kama "sijamjibu mama", "mkaa umeisha", naliandika kwa maneno mawili kisha narudi nilipokuwa. Mgeni akishakaribishwa barazani hapigi kelele mlangoni. Usipambane na mawazo, wala usijilaumu kwamba yamekuja. Akili hutangatanga, na kila unaporudi umefanya zoezi lenyewe.

Anza na dakika 25, wiki ya kwanza usizidishe hata ukijisikia una nguvu. Ongeza dakika 5 kila wiki. Na utakapomaliza, acha ukiwa unajua kinachofuata, swali likiwa nusu, ili sentensi ya kesho iwe tayari imejiandika.

Nyumba yenye watu

Wengi wetu hatuishi peke yetu, na desturi inayohitaji nyumba tupu si ya kwetu. Zungumza na watu wako mapema. Mimi nilimwendea mama mkwe jioni, tukakaa mkekani.

"Mama, nakuomba asubuhi nikifunga mlango huu unihesabu kama sipo, mpaka jua litoke."

"Na mtoto akiamka?"

"Ndicho ninachokuomba, mama."

"Basi uji wake nitauangalia mimi. Vyombo vya jioni viwe vyako, mwanangu."

Tukakubaliana, na makubaliano hayo yamedumu kwa sababu kila mmoja amepata chake. Nikifunga mlango natundika kanga kwenye kitasa. Hata mtoto amejua kwamba kanga ikiwa pale anamtafuta bibi. Kama mnalala chumba kimoja watu wengi, tafuta kona: kiti kilichogeukia ukuta, mkeka barazani, ngazi ya nyuma. Mahali pawe palepale kila siku, hata pakiwa padogo.

Siku zinapoharibika

Zitaharibika. Umeme utakatika, mtoto atapata homa, mgeni atashuka na treni ya usiku. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani tendo lilizoeleka baada ya siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Kwa siku kama hizo weka mnyororo mfupi: nawa, pumzi tatu, sentensi, dakika 5 za kazi. Huo ufanye hata kama nyumba imejaa waombolezaji. Mwezi wa Ramadhani mimi huondoa kahawa, naongeza pumzi zifike 18, na mengine yanabaki palepale.

Kama unafanya kazi usiku

Mvuvi, mlinzi, muuguzi wa zamu: asubuhi yako ni pale unapoamka, hata kama ni saa 8 mchana. Mnyororo ni uleule. Ukitoka kazini jua likichomoza, vaa kofia pana au miwani ya jua njiani, na dirishani weka kanga mbili nzito, ili mwanga usiuambie mwili kwamba siku imeanza. Wavuvi wa dagaa wana jambo la ziada. Siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, mashua hupumzika siku kadhaa, na mtu hurudi kulala usiku kama wengine. Usibadilike ghafla. Sogeza saa ya kulala kwa saa moja au mbili kwa siku, lakini pete zako zifuatane vilevile, kwa sababu wakati saa ya mwili imevurugika, mpangilio ndio kitu pekee unachoweza kukishika.

Kujipima

Nyuma ya kaunta buku chora safu tatu: saa uliyoketi, saa ambayo kazi ilianza kweli, na idadi ya wageni kwenye karatasi. Jaza kila siku kwa wiki mbili. Usitazame umesoma kurasa ngapi, tazama umbali kati ya kukaa na kuanza. Wangu mwanzoni ulikuwa karibu dakika 40; baada ya miezi mitatu ulishuka hadi 6. Ukifika hapo, toa pete moja kwa wiki uone. Umbali usipobadilika, pete hiyo ilikuwa pambo, iache. Ukiongezeka, irudishe. Pumzi nilizitoa mara moja, nikazirudisha siku ya tatu.

Ile karatasi niliyoifeli mara mbili nimeshaivuka. Sasa niko kwenye ukaguzi wa hesabu. Kesho ni ukurasa wa 131, swali la 2, na kalamu iko juu yake.